Kusukuma chuma mpaka msuli ugome: lini ufanye, lini uache

Pita jimu yoyote ya mtaani hapa Kigoma jioni, iwe Mwanga au Ujiji, utasikia maneno yaleyale: "Moja tena, mwanangu! Bado unayo! Usiweke!" Aliyelala benchini mikono inatetemeka, kiuno kimenyanyuka, wenzake wamemzunguka. Keshokutwa anashindwa hata kuvaa shati, na wengi wanalihesabu hilo kuwa ushahidi kwamba zoezi limeingia.

Je, ni lazima kufika huko? Si lazima kufika, lakini ni lazima kukaribia. Rudio ni kuinua na kushusha mara moja, seti ni mkupuo wa marudio kabla ya kupumzika. Seti zako nyingi ziishie pale ulipobakiza rudio moja hadi matatu, na chache tu, tena za mazoezi yasiyoweza kukuangukia, ndizo za kumaliza kabisa. Kwa Kigoma hesabu hii ina nyongeza mbili. Vyuma vingi vya mtaani ni makopo ya zege ambayo uzito wake haupandi wala haushuki, na wapigaji wengi wanakuja jimu wakiwa wameshabeba magunia au kuvuta nyavu. Mpango ulioandikiwa jimu yenye vyuma vya kila uzito, na mtu anayekaa ofisini mchana kutwa, ukiufuata hapa kama ulivyo utakuangusha.

Kugoma ni nini hasa

Msuli umegoma pale unaposukuma kwa nguvu zako zote, kwa mtindo uleule ulioanza nao, na chuma kinasimama katikati ya safari au kinaanza kurudi. Basi. Kuwaka moto kwenye msuli si kugoma. Kuhema si kugoma. Kukata tamaa nako si kugoma, ingawa ndiko kunakomaliza seti nyingi za wanaoanza.

Kuna kitu kingine kinachotangulia mara nyingi: mtindo kuvunjika. Kwenye skwati, yaani kuchuchumaa na mzigo kisha kuinuka, mgongo unainama kabla miguu haijaisha. Kwenye kukunja mkono, kiuno kinaanza kurusha chuma ili mkono upumzike. Mtindo ukivunjika, hesabu seti hiyo imekwisha. Marudio matatu ya kujirusha baada ya hapo yanachosha mgongo na kiuno, siyo msuli uliokupeleka pale.

Kwa nini kukaribia kunasaidia? Ubongo hauamshi nyuzi zote za msuli kwa mkupuo. Elwood Henneman, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1950 na 1960 kwamba neva ndogo, zenye nyuzi chache na zinazochelewa kuchoka, huitwa kwanza. Zile kubwa, zenye nyuzi nyingi na zenye nafasi kubwa ya kunenepa, huitwa mzigo unapokuwa mzito au za mwanzo zinapochoka. Kwa hiyo ukishika chuma unachoweza kukiinua mara 6 tu, karibu nyuzi zote zimeitwa tangu mwanzo. Ukiacha ukiwa na akiba ya mawili, yaani marudio mawili uliyobakiza, hupotezi kitu cha maana. Ukishika kopo unaloweza kulikunja mara 25, marudio 20 ya kwanza ni nauli ya kukufikisha kwenye yale matano ya mwisho. Ukishuka njiani umelipa nauli bure.

Ndiyo maana watu wawili wanaweza kubishana jioni nzima na wote wakawa sahihi: mmoja anapiga chuma kizito, mwenzake anapiga kopo jepesi.

Tafiti zilizokusanya matokeo ya majaribio mengi zinakubaliana na hilo kwa sehemu kubwa. Uchambuzi wa mwaka 2022 haukuona tofauti ya maana kati ya wanaofika mwisho na wanaoacha kabla, si kwa nguvu wala kwa ukubwa wa msuli. Mwingine wa 2024 ulipima umbali wa kuacha na kuonyesha kwamba msuli hunenepa zaidi kadiri seti inavyoishia karibu na kugoma, lakini nguvu haitegemei sana umbali huo. Anayetafuta nguvu za kubeba hana sababu ya kujimaliza. Anayetafuta mwili asogee karibu, ila alipe gharama akijua.

Gharama yenyewe inaonekana kwenye seti zinazofuata. Tuseme unaweza pushapu 15. Ukipiga zote 15 seti ya kwanza, ukapumzika dakika mbili, ya pili itakupa labda 9 na ya tatu 6: jumla 30. Ukiacha kwenye 12, unaweza kupata 12, 11, 10: jumla 33, na kesho mkono unafanya kazi. Baada ya seti za kugoma mwili huchukua muda mrefu zaidi kurudisha kasi na nguvu, mara nyingi siku nzima hadi mbili zaidi.

Jipime kwanza

Huwezi kubakiza mawili kama hujui mwisho wako uko wapi. Wengi, hasa wageni wa chuma, husema "nimeisha" wakati wamebakiza manne au matano. Jipime hivi:

1. Chagua zoezi lisiloweza kukuumiza ukishindwa: pushapu, kujivuta kwenye bomba, au kukunja mkono kwa dambeli. Usijipime kwa benchi (kulala chali ukisukuma chuma juu ya kifua) wala skwati ya chuma begani.
2. Pasha mwili joto kwa seti mbili nyepesi, kisha pumzika dakika tatu.
3. Anza seti. Ukihisi umebakiza matatu, sema kwa sauti "tatu", na usisimame.
4. Endelea kwa mtindo uleule mpaka mwili ukatae. Mwenzako ahesabu ulipiga mangapi baada ya kusema.
5. Ukisema tatu ukapata saba, ujue akiba yako ya kichwani ni ya uongo kwa manne. Rudia baada ya wiki mbili.

Simu inasaidia hapa kuliko kocha mwenye kelele. Iegemeze kwenye tofali, jirekodi kutoka ubavuni, halafu tazama kasi. Rudio la kwanza hupanda kwa sekunde moja hivi. Likianza kupanda polepole ingawa wewe unasukuma kwa nguvu zote, umebakiwa na mawili au matatu. Likinasa katikati, likasita, kisha likapita, umebakiwa na moja au hukubakiwa na kitu. Kasi haidanganyi kama maumivu, ila usipunguze mwendo kwa makusudi, maana hapo kipimo chote kimeharibika.

Kwenye marudio mengi, 20 na kuendelea, kukisia ni kugumu zaidi kwa sababu moto wa msuli unafunika kila kitu. Anayepiga makopo mepesi ajipime mara nyingi kuliko anayepiga chuma kizito.

Makopo ya zege

Kwanza yapime. Kopo la rangi la lita 4 likijazwa zege hufika kilo 8 hadi 10 kulingana na kokoto na ulivyoshindilia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa hupita kilo 40. "Hii ni kama hamsini" si kipimo. Azima mizani ya mazao. Bomba lenye makopo mawili halikai vizuri kwenye mizani ndogo, kwa hiyo weka kopo la kulia juu ya mizani na la kushoto juu ya tofali lenye kimo sawa na mizani, soma, kisha geuza. Jumlisha namba mbili na una uzito wote. Ukiona upande mmoja umezidi kwa kilo mbili, huenda ndiyo sababu bega moja linauma. Sawazisha kabla ya kufikiria kugoma, kwa kuwa kadiri unavyochoka ndivyo upande mzito unavyovuta bomba.

Kuongeza uzito kidogokidogo kunawezekana. Chupa ya lita 1.5 yenye maji ni kilo 1.5; ukiijaza mchanga mkavu inakaribia kilo 2.5. Ifunge na kipande cha mpira wa tyubu pembeni mwa kopo, moja kila upande, ikazwe isining'inie.

Kama huwezi kuongeza, fanya uzito uleule uwe mgumu. Shusha kwa sekunde tatu au nne, simama chini sekunde mbili, tumia mkono au mguu mmoja. Kwa njia hizo kopo la marudio 25 linageuka la 12, na unafika karibu na kugoma bila kuhesabu mpaka uchoke roho. Ukishapita marudio 30 na bado unapumua vizuri, mimina kopo kubwa zaidi.

Zoezi gani limalizwe, lipi liachwe

Benchi ndiyo inayotisha, na haki yake. Jimu yenye vyuma vya kutoa ina njia ya kujiokoa: ukiwa peke yako usifunge vifungio vya pembeni, ili chuma kikikulalia ukiinamishe upande mmoja, vyuma vidondoke, kisha upande wa pili. Angalia asiwepo mtu karibu, maana ukishatoka upande mmoja bomba hupinduka kwa nguvu. Bomba la zege halina njia hiyo. Kopo limegandishwa pale. Ukishindwa, linakaa juu ya kifua au linabingirika shingoni. Kwa hiyo benchi ya zege peke yako haipigwi karibu na mwisho, na ikiwezekana haipigwi kabisa.

Dawa yake ni nguzo mbili za matofali ya kuchoma au magogo mapana, kila moja chini ya kopo. Kimo kipimwe hivi: lala, jaza pumzi na kifua kiinuke, bomba liguse kifua, toa pumzi na kifua kishuke, bomba libaki likiwa limebebwa na nguzo, nafasi ya vidole viwili juu yako. Jaribu kwa bomba tupu kwanza, na hakikisha nguzo haiyumbi. Nguzo ya matofali mawili yaliyopangwa bila kukaa sawa ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Anayekushikia akae kichwani, mikono chini ya bomba bila kuligusa, na mkubaliane kabla: idadi unayotaka, na kwamba ataingia chuma kikisimama au kikirudi. Wale wanaoshika tangu rudio la tano huku wakisema "yote wewe" wanainua sehemu ya mzigo. Rudio lililoguswa halihesabiwi. Watu wamejenga sifa za benchi mtaani kwa mgongo wa anayewashikia.

Skwati ya bomba begani bila fremu ya kulizuia: acha ukiwa na akiba ya matatu. Ukitaka miguu ifike mbali zaidi, beba ndoo au kopo kifuani, au simama mguu mmoja mbele na mwingine umepandishwa juu ya benchi nyuma. Ukishindwa unaweka mzigo chini mbele yako, hakuna kinachokulalia. Kunyanyua chuma kutoka chini nako akiba ya mawili au matatu, siku zote, kwa sababu kinachogoma kwanza pale ni uti wa mgongo kubaki umenyooka. Hakuna haja ya kubishana sana kuhusu hilo.

Vinavyobaki ndivyo uwanja wa kumalizia: kukunja mkono, kunyoosha mkono nyuma ya kichwa kwa kopo jepesi, kuinua mikono pembeni kwa ajili ya bega, kupanda kwa vidole vya miguu kwa ajili ya vigimbi, pushapu, kujivuta bombani. Kwenye pushapu ukigoma unalala sakafuni. Ni zoezi bora kuliko linavyoheshimiwa: miguu juu ya benchi, begi lenye kilo 10 za mchanga mgongoni, na una kifua kizima bila mtu wa kukushikia.

Wiki yenyewe

Chukua siku tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwili mzima kila siku, mazoezi matano au sita, seti tatu kila moja. Seti ya kwanza bakiza matatu, ya pili mawili, ya tatu moja, isipokuwa skwati ya begani na kunyanyua kutoka chini, ambazo zinabaki na akiba yake niliyoitaja juu. Kwenye mazoezi madogo tu, seti ya tatu unaweza kuimaliza mpaka msuli ugome, na zisizidi mbili za namna hiyo kwa siku. Ziwe mwisho wa ratiba, kamwe zisiwe mwanzo: mkono uliogoma kwenye kukunja hauwezi kukuvuta bombani. Pumzika dakika mbili hadi tatu kati ya seti, nne baada ya ile ya kugoma. Kila msuli utapata karibu seti 9 kwa wiki, zinatosha kwa muda mrefu.

Anayeanza asiguse kugoma kwa wiki sita hadi nane za kwanza, isipokuwa kipimo cha pushapu. Mtindo wake bado haujakaa, na mwili wake utakua hata kwa akiba ya manne.

Kwa wabeba mizigo wa bandarini na mwaloni Kibirizi, gunia ni seti. Siku uliyopakia au kushusha shehena, ondoa kunyanyua kutoka chini na mazoezi ya bega, punguza seti moja kwa kila kilichobaki, na usifikishe chochote kugoma. Siku isiyo na meli wala boti ndiyo siku yako.

Wavuvi wa dagaa wana kalenda nyingine kabisa. Usiku wa giza wako ziwani na taa, wanavuta nyavu na kulala asubuhi kwa vipande. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazivuti samaki vizuri, kazi inapungua na watu wanalala usiku. Basi mzunguko wa mazoezi ufuate mwezi, usifuate wiki. Siku za giza piga seti mbili kwa kila zoezi na akiba ya matatu, kulinda tu ulichonacho. Siku za mbalamwezi, usiku tano sita hivi, ndizo za seti tatu na za kumalizia. Kugoma bila usingizi ni kujichosha.

Mwezi wa Ramadhani, anayefunga asubiri saa moja na nusu hadi mbili baada ya futari. Kujimaliza saa kumi na moja jioni kwenye joto, bila maji tangu alfajiri, ni kutafuta kizunguzungu chini ya chuma.

Chakula kwa ufupi: karibu gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha, yaani gramu 104 kwa mtu wa kilo 65. Ugali wa muhogo karibu hauna protini kabisa. Unakupa nguvu ya kuinua lakini haujengi. Dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Bakuli la maharage na gramu 100 za dagaa kwa siku vimeshakuvusha zaidi ya nusu ya njia, kwa bei isiyofikiwa na unga wowote wa protini wa kopo.

Yanayoharibika

Kubana pumzi ndilo kosa la kimya. Rudio la mwisho linapogoma, watu hufunga koo na presha hupaa. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada waliwapima wajenga mwili kwa kipimo kilichoingizwa ndani ya mshipa wakati wakisukuma mzigo kwa miguu. Wastani wa kilele ulikuwa 320 kwa 250, wakati ya kawaida ni 120 kwa 80. Mwenye afya hustahimili kwa sekunde hizo. Mwenye presha ya kupanda asijaribu: abakize matatu au manne kila seti, atoe pumzi chuma kinapopita sehemu ngumu, na amuone daktari kabla ya kuongeza mzigo.

Kubwa zaidi ni msuli kuvunjika na kumwaga mabaki yake kwenye damu hadi figo zielemewe. Huwapata hasa waliokaa miezi bila mazoezi kisha wakarudi kwa mashindano ya "nani atabaki wa mwisho". Mtu anayebeba kinasaba cha selimundu, hata asiyeumwa, yuko kwenye hatari zaidi akijisukuma sana kwenye joto. Akijijua, seti za kugoma mfululizo si zake. Dalili huja ndani ya siku moja hadi tatu: msuli umevimba na kuwa mgumu, maumivu yasiyolingana na zoezi, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Usisubiri asubuhi na usidhani ni malaria tu. Nenda hospitali, Maweni au kituo chochote kilicho karibu, na useme wazi kwamba ulifanya mazoezi mazito. Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kutuliza maumivu hayo, kwa sababu zinaongeza mzigo kwa figo.

Halafu kuna uchovu unaojilimbikiza bila kelele. Andika namba kwenye daftari: zoezi, uzito, marudio, akiba. Marudio yakishuka kwenye zoezi lilelile siku mbili mfululizo, na ulilala na kula kama kawaida, ondoa seti zote za kugoma kwa wiki moja, punguza seti kutoka tatu hadi mbili, na bakiza manne kila mahali. Wiki inayofuata rudisha seti ya tatu kwanza. Kugoma kurudi mwisho, zoezi moja moja, na namba zikishuka tena ujue ni lipi limezishusha.